Basi Husimama Penye Jina

Katika mji wa Ypres, magharibi ya Ubelgiji, kila siku inapotimu saa mbili za usiku polisi husimamisha magari kwenye barabara ipitayo chini ya Lango la Menin. Wapiga tarumbeta, watu wa zimamoto wa mji huo, hujipanga katikati ya njia na kupiga mlio ule ambao jeshi la Uingereza huupiga kuaga maiti wake. Ada hiyo ilianza mwaka 1928. Ilikatika katika Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani walipoukalia mji; na jioni ya tarehe 6 Septemba 1944, mji ulipokombolewa na wanajeshi wa Kipolandi, tarumbeta zikasikika tena. Kuta za lango hilo zimechongwa majina zaidi ya 54,000, ya askari waliokufa katika medani za jirani na ambao miili yao haikupatikana au haikutambulikana. Watu wanaosimama chini yake usiku, mamia kwa mamia, wengi wao si wenyeji wa Ypres. Wameletwa na mabasi.

Safari yenyewe ina utaratibu uliokwishazoeleka. Basi huondoka Uingereza alfajiri, huvuka mlango wa bahari kwa feri au kwa treni ya chini ya bahari, hufikia Calais, na baada ya mwendo wa kiasi cha saa moja huwa limeshaingia nchi ya Flanders. Mtembezaji hushika kipaza sauti na kuanza kusimulia. Kituo kimoja ni Essex Farm, palipokuwa na hema na vyumba vya kutibia majeruhi. Hapo karibu, mwezi wa Mei 1915, daktari wa Kikanada, John McCrae, alitunga shairi la "In Flanders Fields", ambalo ndilo lililolifanya ua jekundu la poppy, liotalo lenyewe mashambani, kuwa alama ya waliokufa vitani. Katika mava ya Essex Farm amelala Valentine Joe Strudwick, aliyeuawa Januari 1916 akiwa na umri wa miaka 15, na mbele ya jiwe lake watoto wa skuli husimama kwa muda mrefu kuliko mbele ya mengine. Kisha basi hwenda Langemark, kwenye makaburi ya Wajerumani, ambako maiti wapatao 44,000 wamezikwa, zaidi ya nusu yao katika kaburi moja la pamoja. Kisha Tyne Cot, mava makubwa kuliko yote ya Jumuiya ya Madola duniani: makaburi karibu 12,000, ambayo zaidi ya 8,000 kati yake hayana jina la aliyemo, na nyuma yao ukuta wenye majina karibu 35,000.

Lakini aliyekwenda kuviona vita, vita hakuvioni. Anachokiona ni mashamba ya viazi na mboga, ng'ombe, na nyumba za matofali zilizojengwa upya baada ya kila kitu kusagwa na mizinga. Kile kilima cha Passchendaele, ambacho watu kwa makumi ya maelfu walikufa mwaka 1917 wakitaka kukipanda, mtu wa Pemba asingekiita kilima. Mahandaki mengi yamefukiwa. Kilichobaki cha kuonyeshwa ni maandishi. Ndiyo maana msafiri wa basi hilo huwa na kikaratasi mkononi: jina la babu wa babu yake, nambari ya kikosi, nambari ya ukuta na safu. Mtembezaji humsaidia kutafuta. Jina likionekana, mtu hulinyooshea kidole, huligusa herufi, hupigwa picha. Wapo wanaolia kwa ajili ya mtu aliyekufa kabla ya wazazi wao kuzaliwa.

Basi, kwa hakika, halisimami penye vita. Husimama penye jina. Na jina halioti lenyewe kama poppy. Ili liwepo juu ya jiwe, lazima pawepo mtu aliyeamua kwamba liandikwe, daftari ambalo linaweza kusomwa, na fedha za kumlipa mchongaji. Historia ya safari hizi, kwa hivyo, ni historia ya uamuzi huo: nani aliandikwa, na nani hakuandikwa.

Kabla ya 1914 uamuzi ulikuwa mwepesi. Vita vya Waterloo, vilivyopiganwa Ubelgiji tarehe 18 Juni 1815, vilipata watalii wake mapema, kabla ya uvundo kuisha. Wakulima wa pale waliwauzia wageni vifungo vya sare na risasi zilizookotwa. Mshairi Walter Scott alifika Agosti ya mwaka ule ule, akatunga utungo mrefu na kuutoa kwa faida ya wajane na mayatima. Lakini mgeni aliyetaka kusoma majina aliyakuta ya maofisa tu, kwenye vibao ndani ya kanisa la Waterloo. Askari wa kawaida walifukiwa kwa pamoja mashimoni, na hapana aliyeona ajabu. Mtu mdogo alikuwa hesabu, hakuwa jina.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilibadilisha jambo hilo kwa sababu mbili. Kwanza, safari hii waliokufa hawakuwa askari wa mshahara peke yao. Walikuwa walimu, makarani, wakulima na wana wa mabwana, na kila mtaa wa Uingereza ulikuwa na mwanawe aliyekufa. Pili, alitokea mtu aitwaye Fabian Ware, ambaye alikwenda Ufaransa na kikosi cha magari ya majeruhi na akaona kwamba makaburi hayana anayeyaorodhesha. Juhudi zake zilizaa Tume ya Dola ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa kwa hati ya Mfalme tarehe 21 Mei 1917, na ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Misingi yake ilikuwa migumu na ya haki. Maiti hawatarudishwa makwao, awe mwana wa tajiri au wa maskini. Kila mmoja atapata jiwe lake, na mawe yote yatakuwa ya kimo kimoja, jenerali na kuruta. Asiye na kaburi linalojulikana ataandikwa jina lake ukutani. Hapana tofauti ya cheo, kabila wala dini.

Aliyeteuliwa kuitungia Tume maneno ya kuchongwa alikuwa mshairi Rudyard Kipling. Naye alikuwa na msiba wake. Mwanawe wa pekee, John, alipotea katika mapigano ya Loos mwezi wa Septemba 1915, na Kipling alikufa mwaka 1936 bila ya kuonyeshwa kaburi. Ni yeye aliyechagua, kutoka Kitabu cha Sira, maneno yanayosomwa katika kila mava makubwa ya Tume, yenye maana kwamba jina lao linaishi daima. Ni yeye pia aliyetunga maneno ya jiwe la asiyejulikana, yanayosema kuwa ni Mungu tu amjuaye. Mtu aliyepoteza mwana bila ya alama alielewa thamani ya herufi chache juu ya jiwe.

Kutoka misingi hiyo ndipo safari zilipozaliwa. Maiti wakikatazwa kurudi nyumbani, jamaa hawana budi kuwafuata. Kampuni ya mipira ya magari ya Michelin ilianza kuchapisha vitabu vya kuongozea wageni medanini tangu 1917, vita vyenyewe havijakwisha. Baada ya vita, tajiri alikwenda kwa gari lake. Maskini alibaki na picha, mpaka mashirika ya hisani, kama lile la Mtakatifu Barnaba lililoanzishwa 1919, yalipoanza kuwachukua akina mama na wajane kwa gharama ndogo au bure. Mwezi wa Mei 1922 Mfalme George wa Tano mwenyewe alizuru makaburi. Tarehe 24 Julai 1927 Lango la Menin lilifunguliwa, na Lord Plumer, aliyekuwa jemadari katika medani hizo, aliwaambia wazazi kwamba sasa wasiseme tena mtoto wao amepotea, kwani yuko pale. Mwaka uliofuata chama cha askari wastaafu wa Uingereza kilipeleka watu wapatao 11,000 kwa mpigo mmoja. Mwaka 1932 ukafunguliwa mnara wa Thiepval, Ufaransa, kwa ajili ya waliopotea katika medani ya Somme, ambako siku moja tu, tarehe 1 Julai 1916, jeshi la Uingereza liliuliwa watu 19,240. Mnara huo una majina zaidi ya 72,000.

Haki hiyo, katika nchi za Ulaya, iliwafikia hata wasio Wazungu. Neuve-Chapelle, Ufaransa, pana mnara wa Wahindi uliofunguliwa 1927, wenye majina zaidi ya 4,700 ya Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Wapishi na watumishi waliofuatana na jeshi wamo. Mjukuu wa Punjab akienda huko atamkuta mtu wake.

Vita vya Pili vilipokuja, safari zilikatika, na vilipokwisha walioomboleza walikuwa wamezeeka. Miaka ya sabini ziliamka tena, wakati wajukuu walipofungua masanduku ya marehemu na kukuta nishani na barua. Mwaka 1976 Rose Coombs, mfanyakazi wa makumbusho ya vita ya London, alitoa kitabu cha kuongozea wasafiri ambacho watembezaji wengi walikifuata. Katika miaka mia ya kukumbuka vita hivyo, serikali ya Uingereza iligharimia ziara za wanafunzi wawili wawili kutoka kila skuli ya sekondari ya umma ya England. Mabasi yakazidi, na lawama nazo zikazidi. Tangu 1919 walikuwapo waliouliza kama huyu ashukaye kwenye basi ni hujaji au mtalii. Asubuhi yuko makaburini, mchana ananunua chokoleti, usiku anakunywa pombe ya Ubelgiji. Suala hilo halina haja ya kuchukua muda mrefu. Mtu anaweza kuwa yote mawili katika siku moja, na aliyekwenda kwa upuuzi, akasoma jina la kijana wa miaka 15, huenda akarudi na kitu. Suala zito ni jingine. Ni la wale ambao mtalii hawezi hata kuwapuuza, kwa kuwa hapana jiwe la kupita bila ya kulitazama.

Vita vile vile vilipiganwa huku kwetu. Zanzibar ilivionja mapema. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika mdomo wa mto Rufiji, iliivamia bandari ya Unguja na kuipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Pegasus ilizama na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Baadhi yao walizikwa Chapwani, kisiwa kinachoitwa pia Kisiwa cha Makaburi, na makaburi yao yanatunzwa mpaka leo. Watalii wa Unguja hupanda mashua kwenda Changuu kuwatazama kobe, na wachache hupita Chapwani kuwaona mabaharia. Hata hao wachache, wakifika, watajua waliolala ni akina nani. Mnazi Mmoja nako lipo Beit el Amani, jengo lililomalizika 1925 kuwa ukumbusho wa amani iliyofuata vita hivyo.

Bara, vita vilichukua miaka minne na kupita nchi nzima kama moto wa kichaka. Novemba 1914 jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000, lilishushwa Tanga likashindwa na watu kiasi cha elfu moja wa jemadari Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika. Februari 1916, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, Makaburu na Waingereza wa Afrika ya Kusini walirudishwa nyuma na askari weusi ambao walikuwa wamewadharau. Oktoba 1917, Mahiwa, nyuma ya Lindi, Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa, katika siku nne. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Lakini silaha si zilizoua wengi. Katika nchi ile mbung'o aliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe, magari yalizama matopeni, na reli zilikuwa mbili tatu. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Hesabu yake ni ya kutisha kwa wepesi wake. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha kilo 25. Akila kilo moja kwa siku, kwenda na kurudi, basi mzigo wa chakula aliobeba unaisha mwenyewe katika mwendo wa siku kumi na mbili hivi, bila ya askari wa mbele kupata punje. Ili askari mmoja ale, ilibidi watu wengi wafuatane njiani kama siafu, na kila jeshi liliposonga ndani zaidi, ndivyo mlolongo ulivyozidi kurefuka. Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Zanzibar, Tanganyika yenyewe na kwingineko, wengi kwa nguvu. Mwaka 1917, Kenya, vijiji vilizolewa vijana kwa amri moja ya nchi nzima. Mvua za mwaka huo zilifurika bonde la Rufiji. Watu wa milimani waliletwa mabondeni, wakapewa unga wa mahindi usiopikika vizuri, wakalala majini. Waliuliwa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake ni takriban 100,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa vya kutosha hata kukisiwa.

Na wao je, waliandikwa wapi?

Zipo leo safari za kuongozwa katika nchi ya Taita na Taveta, kwa magari madogo zaidi kuliko mabasi, kwa kuwa njia ni za vumbi na wageni si wengi. Mtembezaji huonyesha mabaki ya ngome za mawe, tuta la reli iliyojengwa kwa haraka ya vita kutoka Voi kuelekea Taveta, kilima cha Salaita chenyewe, na mbuyu ambao husimuliwa kwamba alijificha ndani yake mlenga shabaha wa Kijerumani, tena mwanamke. Kisha gari husimama kwenye mava ya Voi, ya Maktau na ya Taveta. Mawe yamepangwa sawasawa kama yale ya Flanders, nyasi zimekatwa, majina yanasomeka. Ni majina ya Waingereza na ya watu weupe wa Afrika ya Kusini. Wahindi wa Maktau wana ukumbusho wao. Mwaka 2019 filamu iliyosimuliwa na mbunge wa Uingereza, David Lammy, iliwaonyesha watu mava ya Voi kama yalivyo: ndani ya ua, mawe, nje ya ua, kichaka, ambamo wamo Waafrika bila ya alama.

Halikuwa jambo la kusahau. Lilikuwa uamuzi, nalo lilifanywa na Tume ile ile, katika miaka ile ile ambayo mafundi walikuwa wakichonga Lango la Menin. Maofisa waliandikiana kwamba wenyeji wa Afrika ya Mashariki hawajafikia daraja ya kuthamini jiwe la kaburi, kwamba hawana mapenzi na alama za wafu wao, na kwamba makaburi ya wapagazi na yaachwe yarudi kuwa pori. Badala ya majina, zingesimamishwa sanamu tatu katika miji mitatu: Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Hoja ile ya kwamba watu hawa hawajali alama za wafu ilitolewa katika nchi ambayo pwani yake nzima imejaa makaburi ya nguzo. Gede, kilomita chache kutoka Malindi, pana kaburi lililochongwa mwaka wake, 802 wa Hijria, ndio 1399. Lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia tano siku Tume ilipoundwa. Na washairi wa pwani hawakungoja jiwe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini, alipotunga ule wa Maji Maji, waliwataja watu kwa majina yao, wakijua kwamba beti husomwa mahala ambapo msafiri hafiki. Hao walikuwa raia wa nchi ile ile ambayo maofisa waliisema haina hamu ya kumbukumbu. Kama mpagazi kutoka milima ya bara hakuwekewa alama, si kwa kuwa mama yake hakuitaka. Ni kwa kuwa alikufa mbali, mikononi mwa watu waliojua nambari yake na hawakuona haja ya kumwita zaidi ya hapo.

Sanamu ya Dar es Salaam ilizinduliwa 1927, mwaka ule ule wa Lango la Menin. Ni askari wa shaba aliyeinama mbele na bunduki yake, katikati ya mji, na kila mwenyeji anamjua. Maneno yaliyoandikwa chini yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, yalitungwa na yule yule Rudyard Kipling. Yanawataja askari wenyeji. Yanawataja wapagazi na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: atakayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Msomaji na aizunguke sanamu hiyo pande zote nne. Hatakuta jina hata moja. Baba aliyetafuta jina la mwanawe katika udongo wa Loos kwa miaka ishirini aliwaandikia baba wengine laki moja kwamba majina ya wana wao yatakumbukwa, juu ya jiwe ambalo halikuandika hata la mmoja wao. Huenda aliyaamini maneno yake. Huenda alipewa kazi ya kuahidi jambo ambalo wengine walishaamua lisiwe. Kwa vyovyote vile, deni limebaki limechongwa kwa lugha mbili, katikati ya jiji, mahala pa wazi.

Ilichukua karibu miaka mia kwa mdaiwa kukiri. Tarehe 22 Aprili 2021 Tume ilitoa ripoti ya kamati maalumu iliyochunguza kazi zake za zamani. Ilikiri kwamba watu baina ya 45,000 na 54,000, wa Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Aidha, wengine wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Tangu hapo kazi ya kutafuta imeanza. Nyaraka za kijeshi zilizohifadhiwa Kenya zimeanza kutoa majina kwa maelfu. Januari 2025 ukafunguliwa mjini Cape Town ukumbusho wa watumishi weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita hivyo bila ya kupewa kaburi linalojulikana, na wengi wao walikufa huku kwetu, Afrika ya Mashariki. Haukujengwa kwa mawe. Ni nguzo za mti wa mvule zaidi ya 1,700, kila mtu na nguzo yake, kila nguzo na jina.

Hiyo ni dalili kwamba linawezekana. Daftari hazikuteketea zote. Wapagazi waliandikishwa kwa ajili ya mshahara na posho, na mahala palipo na mshahara pana karani, na palipo na karani pana jina, hata kama limeandikwa vibaya. Majina yale yamo katika tahajia za makarani wa Kiingereza ambao walisikia Kikamba, Kiluo, Kinyamwezi na Kiswahili kwa masikio ya kigeni. Kuyasoma upya na kuyarejesha katika matamshi yake ni kazi ambayo mashine ya London haiwezi kuifanya peke yake. Inawahitaji wenye lugha: wazee, walimu, wafasiri, watunzi wa tenzi. Hapo ndipo watu wa kalamu wa pwani na bara wana kazi, na kazi hiyo haingoji idhini ya Tume.

Wakati ukumbusho haujasimama, lipo jambo moja ambalo Kiswahili kililihifadhi chenyewe. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yake Dar es Salaam ilikuwa mahala ambapo sasa pana soko kubwa kuliko yote nchini, na kambi yake ya Nairobi imeuacha mtaa wenye jina kama hilo. Watu walilisikia neno la kigeni, wakalilainisha mdomoni, likawa Kariakoo. Watu hao hawakupewa jiwe, wakapewa mtaa, na waliowapa si Tume wala Mfalme. Ni majirani zao, wauza mihogo na wapita njia, ambao hawakujua kwamba wanaandika historia.

Kariakoo husimama mabasi mengi zaidi kwa siku moja kuliko Ypres kwa mwezi. Kutoka alfajiri hadi usiku makonda huliita jina hilo kwa sauti kubwa kuliko tarumbeta yoyote, na abiria huteremka na vikapu vyao wakaingia sokoni. Hapana anayesimama kimya kwa dakika moja, wala hapana haja ya kumlaumu. Hakuambiwa kwamba hapo ndipo. Siku kitakapowekwa kibao kwenye kona ya soko, na juu yake majina kumi tu ya kuanzia, yaliyoandikwa sawasawa kama mama zao walivyoyatamka, mtembezaji atapata pa kuwasimamisha watu wake, na ile ahadi ya shaba ya mwaka 1927 itakuwa imeanza kulipwa.